Baba Alikufa Mara Saba

Jumatatu baba alikufa mara saba
kabla ya chakula cha mchana,
na kila kifo kililipwa drakma ishirini.
Mama alihesabu kwa vidole, akasema:
"Angekufa mpaka Ijumaa, tungeezeka zizi."

Walikuja kutoka Athene na malori matatu,
na farasi waliong'arishwa kama viatu vya bwana harusi,
na kofia pana ambazo katika tambarare yote ya Tesalia
hakuna kichwa kilichowahi kuzivaa.
Mwongozaji alikuwa kijana, macho mekundu kwa sigara.
Hadithi ni yenu, alisema,
ya wakulima na makabaila, ya ardhi iliyonyweshwa damu;
ila mwendo wake utakuwa wa makoboi.
Kwa hiyo Thimios kinyozi alifundishwa kutembea
miguu imetengana, kama aliyeshuka farasini sasa hivi,
yeye ambaye tangu azaliwe
hakupanda ila punda, na punda mwenyewe wa kuazima.

Baba hakupewa neno la kusema.
Alipewa viatu.
Virefu, vyeusi, na gurudumu dogo la chuma kisiginoni
lililolia ching, ching,
hata alipokwenda chooni usiku.
Kuku walimpisha.

Pale walipopigia picha, kando ya reli,
upo mlozi.
Chini ya mlozi huo, mwaka ambao bibi
hakuutaja kwa tarakimu, aliuita tu mwaka wa askari,
babu yangu Zisis alisimama mbele ya wapanda farasi
mkononi hana kitu, ila kofia yake ya sufu.
Alikufa mara moja.
Hakulipwa.

Mwongozaji hakujua. Nani angemwambia?
Baba? Baba alikuwa mtu wa kumeza.
"Tena!" kijana alipaza sauti. "Anguka polepole!
Inua mkono, itazame mbingu,
mtu hafi kama gunia!"
Baba akainuka, akajikung'uta,
akaurudia uhai wake kama mtu anayerudia kofia aliyoisahau.
Baruti ikalia. Akaanguka.
Tena.
Akaanguka.

Mara ya saba bibi alitoka kwenye kundi la watazamaji,
kitambaa chake cheusi kimefungwa chini ya kidevu,
akakatiza mbele ya kamera,
akapiga magoti vumbini,
akamfumba mwanawe macho kwa kiganja.
"Alianguka kama gunia," akamwambia mwongozaji.
"Mimi nilikuwepo."

Farasi mmoja akakojoa, kwa muda mrefu.
Mwongozaji akavua miwani.
Siku hiyo hakusema tena "tena".

Kiangazi kilichofuata walipaka chokaa ukuta wa ghala,
tukaketi juu ya magunia, tukitafuna mbegu za maboga.
Bibi hakuwemo. Walikuwa wamemkata.
Mwishoni shujaa akapanda farasi,
akaondoka peke yake kuelekea milima ya Pindo,
jua likimsubiri kama shemeji.
"Na huyu anakwenda wapi?" bibi akauliza kwa sauti.
"Ngano imeiva. Nani atavuna?"
Watu wakacheka hadi wakapaliwa.
Yeye hakuwa anatania.

Na baba?
Baba alionekana kwa muda wa kutema ganda la mbegu:
farasi anapita, vumbi, na nyuma ya vumbi
kiatu kimoja, kimelala ubavu.
"Yule ni mimi," akaninong'oneza. "Kile kiatu."
Nikamshika mkono. Sikumkumbusha
kwamba viatu vilikwisha kurudishwa Athene,
ndani ya sanduku, kwa hesabu, pamoja na kofia.

Mara ya nane alikufa Larisa, hospitalini,
mwezi wa pili, mvua inapiga dirisha.
Hakuinua mkono. Hakuitazama mbingu.
Nikamfumba macho kama nilivyoona ikifanywa,
kisha nikakaa kwenye kiti kile cha plastiki
muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
nikingoja, nadhani,
mtu fulani mlangoni
aseme: tena.